SVG kwa kuisoma: mwongozo kamili wa kuchora, kusafisha na kutumia picha za vekta

Chukua nembo ya PNG yenye upana wa pikseli 500 uipeleke ichapwe kwenye bango la mita 3. Kila pikseli italazimika kufunika milimita 6, na aliyesimama ng'ambo ya barabara ataona ngazi kwenye kila herufi ya mviringo. Nembo hiyohiyo ikiwa SVG itatoka safi kwenye bango, kwenye kadi ya biashara na kwenye alama ndogo ya tovuti, na mara nyingi faili lake halifiki kilobaiti 5.

Siri yake ni nyepesi. Ndani ya faili la SVG mna maandishi yanayoeleza namna ya kuchora: weka duara hapa, nusu kipenyo chake 48, lijaze kijani. Kivinjari au programu husoma maelezo hayo na kukokotoa upya kila ukubwa unapobadilika. Na kwa kuwa ni maandishi, unaweza kulifungua faili kwa Notepad ukalisoma mstari kwa mstari. Mwongozo huu umejengwa juu ya tabia hiyo moja. Karibu kila tatizo la SVG, iwe nembo iliyokatwa pembeni, fonti iliyobadilika au umbo lililogeuka jeusi, hugunduliwa ndani ya dakika chache na mtu aliyezoea kufungua faili na kulisoma. Asiyelifungua hubaki akibahatisha.

Jina SVG ni kifupi cha Scalable Vector Graphics, michoro ya vekta inayokuzika bila kuharibika. Kiwango chake kinasimamiwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Mwaka 1998 shirika hilo lilipokea mapendekezo yaliyoshindana, likiwemo PGML lililoungwa mkono na Adobe, IBM, Netscape na Sun, na VML lililotoka upande wa Microsoft na wenzake. Likaunda kikundi kilichoandika kiwango kipya, na SVG 1.0 ikapitishwa Septemba 2001. Toleo la 1.1 la Januari 2003 ndilo msingi ambao programu karibu zote zinauelewa mpaka leo. Kilichoichelewesha SVG kwenye wavuti ni Internet Explorer, ambayo haikuionyesha yenyewe hadi toleo la 9, mwaka 2011. Sasa vivinjari vyote vikuu vya simu na kompyuta vinaisoma.

## Mahali inapofaa, na SVG bandia

Tumia SVG kwa nembo, alama za vitufe, chati, ramani, michoro ya kiufundi na faili za kukatia stika au mbao. Usiitumie kwa picha za kamera. Uso wa mtu una mabadiliko ya rangi maelfu kwa maelfu. Ukiyageuza yote kuwa maumbo, faili litavimba hadi megabaiti kadhaa na simu itakwama kulichora. Picha ya aina hiyo iache iwe JPEG au WebP.

Kuna hila moja ya kujihadhari nayo unapopokea kazi kutoka kwa mchoraji. Lifungue faili kwa programu ya maandishi, bonyeza Ctrl+F, tafuta neno `base64`. Ukikuta `data:image/png;base64,` likifuatwa na bahari ya herufi zisizosomeka, umepewa PNG iliyovishwa kanzu ya SVG. Jina la faili linaishia na .svg, lakini ukilikuza linavunjika vilevile. Kulibadilisha jina au kulipitisha kwenye tovuti ya kugeuza mafaili hakusaidii. Mrudishie mchoraji, umwombe faili la asili alilochorea.

## Andika la kwanza kwa mkono

Bendera ya Tanzania ni mfano mzuri wa kujifunzia: ina uwiano wa 2 kwa 3, rangi nne na mkanda wa mshazari. Fungua Notepad, au programu yoyote ya maandishi hata kwenye simu, uandike:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"
     viewBox="0 0 72 48" width="360" height="240">
  <rect width="72" height="48" fill="#00a3dd"/>
  <path d="M0 0H72L0 48Z" fill="#1eb53a"/>
  <path d="M0 48L72 0" stroke="#fcd116" stroke-width="19"/>
  <path d="M0 48L72 0" stroke="#000" stroke-width="13"/>
</svg>
```

Lihifadhi kwa jina `bendera.svg`, usimbaji UTF-8. Kwenye Notepad chagua "All files" kabla ya kuhifadhi, la sivyo utapata `bendera.svg.txt` na kivinjari kitakuonyesha maandishi matupu. Kisha liburute uliangushe ndani ya Chrome au Firefox.

Mstari wa kwanza una `xmlns`. Hiyo ni anwani ya utambulisho tu, haifunguliwi popote, lakini faili linalosimama peke yake lisipokuwa nayo kivinjari hakitajua kwamba ni mchoro; kitakuonyesha tagi, yaani vile vipande vya msimbo vilivyo ndani ya mabano ya pembe, zimepangwa kama mti.

Mpangilio wa mistari ndio mpangilio wa kupaka rangi. Bluu inafunika uwanja mzima, kijani kinakuja juu yake, dhahabu juu ya kijani, nyeusi juu ya dhahabu. Badilisha nafasi za mistari miwili ya mwisho uone: nyeusi itazikwa chini ya dhahabu. Hakuna namba ya tabaka ya kukuokoa. Aliyeandikwa mwisho ndiye anayekaa juu.

Angalia pia hesabu ya mkanda. Dhahabu ina upana wa 19, nyeusi 13, tofauti ni 6. Ukingo wa SVG huchorwa ukiwa umekaa katikati ya mstari wake, nusu huku na nusu kule, kwa hiyo dhahabu inabaki 3 kila upande. Kumbuka jambo hilo la nusu kwa nusu, kwa sababu ndilo linalokata nembo za watu pembeni, kama tutakavyoona. Ncha za mkanda zinazotoka nje ya bendera hukatwa zenyewe kwenye mpaka wa picha.

## viewBox, mahali watu wengi wanapokwama

Kama una muda wa kujifunza sifa moja tu ya SVG, jifunze hii. `viewBox="0 0 72 48"` ina namba nne: mwanzo wa mlalo, mwanzo wa wima, upana, kimo. Inasema mchoro huu umepimwa kwenye karatasi yenye vipimo 72 kwa 48, na hesabu inaanzia pembe ya juu kushoto. `width` na `height` zinasema karatasi hiyo ionyeshwe kwa ukubwa gani kwenye skrini. Bendera yetu ina upana wa 360 juu ya vipimo 72, hivyo kila kipimo kinakuwa pikseli 5. Ukiandika 720, kila kipimo kinakuwa pikseli 10, na hukugusa namba hata moja ya mchoro.

Faili lenye `width` na `height` lakini lisilo na `viewBox`, likibandikwa ndani ya ukurasa, halikuzwi. Ukilipunguza kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, fremu itapungua na mchoro utabaki palepale, sehemu ya kulia na ya chini zikatwe. Dawa: chukua namba za `width` na `height` zilizomo, tuseme 512 na 512, uongeze `viewBox="0 0 512 512"`. Mchoro utatii mara moja.

SVG iliyobandikwa ndani ya ukurasa bila vyote vitatu huonyeshwa kwa pikseli 300 kwa 150. Ukiona mchoro wako umefungwa kwenye kiboksi cha namna hiyo ambacho hukukiomba, umeshajua kilichokosekana. Na ukiwa na `viewBox` peke yake, mchoro unaweza kutanuka ukajaza upana wote wa ukurasa. Kwa alama ndogo andika vyote: CSS ikichelewa kupakuliwa kwenye mtandao dhaifu, msomaji hataona kikapu cha ununuzi kilichojaa skrini nzima.

Uwiano wa fremu usipolingana na wa `viewBox`, mchoro huwekwa katikati na nafasi tupu hubaki pembeni. Hiyo ndiyo tabia ya kawaida, na ndiyo bora. Ukitaka ujaze fremu hata kama sehemu itakatwa, ongeza `preserveAspectRatio="xMidYMid slice"`. Thamani `none` huuvuta mchoro kama mpira. Inafaa kwa mawimbi ya mapambo chini ya kichwa cha ukurasa, kamwe si kwa nembo.

Sasa zile kingo zilizokatwa. Mtu anachora duara lenye nusu kipenyo 50 katikati ya `viewBox="0 0 100 100"`, analipa ukingo wa 4. Nusu ya ukingo, vipimo 2, inaangukia nje ya karatasi, na duara linaonekana limekuwa bapa juu, chini, kushoto na kulia. Ama punguza nusu kipenyo hadi 48, ama panua karatasi: `viewBox="-2 -2 104 104"`. Ndiyo, namba za mwanzo zinaweza kuwa chini ya sifuri, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza nafasi pembeni ya mchoro uliokwisha chorwa.

## Kusoma njia

Maumbo mepesi yana tagi zake: `rect`, `circle`, `ellipse`, `line`, `polygon`. Mengine yote ni `path`, njia. Ndani ya `d` kuna herufi na namba ambazo mara ya kwanza zinatisha, lakini ni safari ya kalamu tu. `M` inyanyue kalamu uiweke hapa. `L` vuta mstari hadi pale. `H` nenda mlalo, `V` nenda wima. `Z` rudi ulikoanzia ufunge. Herufi kubwa hutaja mahali kamili kwenye karatasi. Ndogo hutaja umbali kutoka pale kalamu ilipo.

Hii hapa ni alama ya dau kwenye karatasi ya 24 kwa 24:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 24 24"
     width="24" height="24" fill="none" stroke="currentColor"
     stroke-width="2" stroke-linejoin="round">
  <path d="M2 17h20l-3 4H6z"/>
  <path d="M12 17V3"/>
  <path d="M12 3C17 5 19 9 19 14H12Z"/>
</svg>
```

Chombo chenyewe: anza 2,17, nenda kulia hatua 20, rudi kushoto 3 ukishuka 4, nenda mlalo hadi 6, funga. Mlingoti unapanda kutoka 17 hadi 3. Tanga lina `C`, mpindo wa Bézier, uliopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeutumia kuchorea mabodi ya magari. Huchukua nukta tatu: mbili za kwanza ni sumaku zinazouvuta mstari bila mstari kupita juu yake, ya tatu ndiyo mwisho wa safari. Badilisha 17,5 iwe 22,3 uone tanga likijaa upepo.

Wima huhesabiwa kwenda chini. Waliozoea grafu za hisabati huchora mlima ukatoka bonde.

`A` ni kipande cha duara na ina namba saba: nusu vipenyo viwili, mzunguko, swichi mbili za 0 au 1, kisha mahali pa kuishia. Swichi ya kwanza huchagua tao refu au fupi. Ya pili upande wa kuzungukia. Tao likitokea upande usioutaka, badilisha swichi ya pili kabla ya kugusa kitu kingine. Na usijaribu kuchora duara zima kwa `A` moja: mwanzo na mwisho vikiwa mahali pamoja, tao halichorwi kabisa.

Bila maelekezo, rangi ya ndani ni nyeusi na ukingo haupo. Ndiyo maana mstari wa chati uliosahauliwa `fill="none"` hugeuka dude jeusi.

Kinachojirudia kiandike mara moja ndani ya `defs`, kisha kiite kwa `use`. Fikiria pindo la kanga: ua moja, limerudiwa pande zote nne. Kwenye SVG unachora ua moja tu, `<g id="ua">`, halafu unaandika `<use href="#ua" x="8"/>`, `<use href="#ua" x="16"/>` na kuendelea; ukibadilisha ua, pindo lote linabadilika. Mafaili ya zamani yana `xlink:href` badala ya `href`. Vivinjari vinaelewa zote mbili, ila programu kongwe za kuchorea huelewa ile ya zamani tu.

## Kuchora na kusafisha kwa Inkscape

Hakuna anayechora nembo nzima kwa kuandika namba. Inkscape ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na SVG ndiyo lugha yake ya asili. Ilizaliwa mwaka 2003 kwa kujitenga na programu iitwayo Sodipodi, na ndiyo sababu ukifungua mafaili yake utakuta maneno `sodipodi:` na `inkscape:` kila kona. Ni kumbukumbu za programu yenyewe; mchoro hauzihitaji.

Mchoro ukishakamilika, hifadhi nakala ya kazi utakayoihariri baadaye. Kisha kwenye nakala ya pili tu:

1. Chagua vyote (Ctrl+A), bonyeza Shift+Ctrl+C kugeuza maandishi na maumbo kuwa njia. Kuanzia hapo herufi haziandikiki tena, ndiyo sababu ya nakala ya kwanza.
2. Kama kazi inakwenda kwenye mashine ya kukata, au ukingo ni sehemu ya umbo la nembo, bonyeza Ctrl+Alt+C. Ukingo unageuka kuwa umbo lenye mpaka wake.
3. Maumbo ya rangi moja yanayopandiana yaunganishe kwa Ctrl++.
4. Bonyeza Ctrl+5 uone mchoro kwa mistari mitupu. Hapa ndipo yanapofichuka mabaki: umbo jeupe juu ya jeupe, herufi iliyosahauliwa nje ya karatasi. Yafute.
5. Shift+Ctrl+R hukata karatasi ilingane na mchoro. Ukiruka hatua hii, nembo ndogo itatoka imekaa kwenye kona ya karatasi ya A4, na kwenye tovuti itaonekana kama nukta.
6. File > Save As, chagua "Plain SVG".

Kama ulichonacho ni nembo ya karatasi au PNG ya zamani, kuna Trace Bitmap, Shift+Alt+B, inayogeuza picha ya pikseli kuwa njia. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 hadi 600, safisha madoa, chagua "Brightness cutoff" kwa nembo ya rangi moja, na sogeza kizingiti mpaka herufi nyembamba zisimezwe. Matokeo huwekwa juu ya picha ya asili. Vuta pembeni, ifute picha ya chini. Wengi husahau, na faili la kilobaiti 10 linatoka na megabaiti 2 za PNG ndani yake. Ctrl+L hupunguza nukta. Mara moja inatosha. Ya pili huanza kulainisha pembe za herufi. Tunavyoona sisi, nembo yenye maumbo chini ya kumi ni afadhali uichore upya kwa mkono juu ya picha. Mashine huona duara kama nukta thelathini zinazoyumbayumba. Wewe unajua ni duara.

## Maandishi

SVG yenye `text` haibebi fonti. Inabeba jina la fonti tu, na kompyuta isiyo nayo huweka nyingine. Ndiyo maana nembo inaonekana vizuri kwako na kwa mteja herufi zimenenepa na kutoka nje ya kisanduku chake. Kwa nembo, geuza herufi ziwe njia, bila kusita. Kwa chati au ramani yenye majina mengi ya miji, acha maandishi yawe maandishi ili yatafutike na kusomwa na visoma-skrini, ila malizia orodha ya fonti kwa jina la jumla: `font-family="Noto Sans, Arial, sans-serif"`, na uache nafasi ya ziada kwa fonti pana zaidi.

Mafaili ya Inkscape ya zamani yana ugonjwa mwingine: kiboksi cheusi kinatokea mahali pa aya. Hiyo ni `flowRoot`, maandishi ya kujipanga yenyewe yaliyotoka kwenye rasimu ambayo haikuwa kiwango. Lifungue faili ndani ya Inkscape, chagua maandishi, tumia Text > Convert to Text, hifadhi tena.

## Kuiweka kwenye tovuti

Njia ya kwanza ni `<img src="nembo.svg" alt="Nembo ya duka" width="180" height="60">`. Ni salama, huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, inatosha kwa nembo na vielelezo. Lakini SVG iliyo ndani ya `img` imefungiwa: CSS ya ukurasa haiingii ndani yake, hati za JavaScript zilizomo haziendeshwi, na haiwezi kuita fonti wala picha kutoka nje. Uhuishaji wa CSS ulioandikwa ndani ya faili lenyewe hufanya kazi.

Njia ya pili ni kubandika msimbo wote wa `<svg>` ndani ya HTML. Hapo `currentColor` tuliyoiweka kwenye dau inapata maana: alama huchukua rangi ya maandishi yanayoizunguka, na kitufe kikibadilika rangi nayo hubadilika. Kwa asiyeona, ongeza `role="img"` na `aria-label="Dau"`; kama alama ni pambo tu pembeni ya neno, weka `aria-hidden="true"` ili kisoma-skrini kisiitaje mara mbili.

Hatari ya kubandika ni vitambulisho kugongana. Programu hupenda kuipa mipito ya rangi (gradient) majina mafupi, `id="a"`, katika kila faili. Ukibandika mawili kwenye ukurasa mmoja, la pili litachukua rangi za la kwanza. Mbaya zaidi, la kwanza likifichwa kwa `display:none`, la pili linaweza kupoteza rangi kabisa, na utatafuta kosa mahali lisipo. Badilisha majina yawe marefu: `nembo-mpito`, `kikapu-mpito`.

Seva nayo ina neno. Lazima itume faili kwa aina `image/svg+xml`. Ikituma kama maandishi matupu, `img` itaonyesha picha iliyovunjika ilhali faili ni zima. Na washa gzip: SVG ni maandishi yenye marudio mengi, hubanwa vizuri sana.

Kabla ya kupakia, pitisha faili kwenye SVGO, programu ya kupunguza uzito wa mafaili ya SVG: `svgo nembo.svg -o nembo-ndogo.svg`. Huondoa kumbukumbu za programu na tarakimu zisizo na kazi. Matoleo yake ya zamani huondoa `viewBox` bila kuulizwa, kwa hiyo lifungue faili uhakikishe ipo. Usibane desimali kupita kiasi. Kwenye karatasi ya 24, desimali mbili zinatosha. Ukizifuta zote, mipindo itaanza kugongana.

Viungo vinavyotumwa WhatsApp na mitandao ya kijamii havionyeshi SVG kama picha ya utangulizi, na programu nyingi za baruapepe haziionyeshi pia. Toa PNG kutoka SVG hiyohiyo. Pikseli 1200 kwa 630 ni ukubwa unaokubalika kwa picha ya utangulizi.

Kuhusu usalama tunasema kwa uzito wote. SVG inaweza kubeba tagi ya `script`. Mtumiaji akipakia SVG kwenye tovuti yako na mwingine akaifungua moja kwa moja kwa anwani yake, hati hiyo itaendeshwa kwa jina la tovuti yako, na inaweza kuiba kikao cha aliyeingia. WordPress huzikataa SVG kwa sababu hii. Ukilazimika kuzipokea, zigeuze ziwe PNG kwenye seva, au zisafishe kwa maktaba inayobakisha tagi zinazojulikana tu. Kufuta neno `script` peke yake hakutoshi, kwani sifa kama `onload` na `onclick` nazo huendesha msimbo.

## Kuchapa na kukata

Kwa kazi ya vipimo halisi, andika milimita na ulinganishe na `viewBox`: `width="100mm" height="60mm" viewBox="0 0 100 60"`. Kila kipimo sasa ni milimita moja, na mashine haina pa kukosea. Ukitumia pikseli, mashine hukisia: kiwango cha sasa ni 96 kwa inchi, ila Inkscape kabla ya toleo la 0.92 ilihesabu 90. Mchoro wa enzi hiyo wenye milimita 100, ukifunguliwa kwa hesabu mpya, unatoka milimita 93.75. Kipande kikitoka kidogo kwa takriban asilimia 6, umeshajua pa kutazama.

Mashine ya kukata stika hufuata mpaka wa umbo, haijui unene wa ukingo. Mstari mnene usiogeuzwa kwa Ctrl+Alt+C utakatwa mara moja katikati yake. Maumbo yanayopandiana hukatwa yote mawili, na stika inatoka na mkato kifuani mwa herufi. Unganisha kwanza.

Kwa uchapaji wa karatasi, rangi za SVG ni za skrini, RGB, na PDF inayotoka Inkscape ni RGB pia. Kijani kinachong'aa kwenye simu kitafifia kwenye wino. Mpe mchapaji PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa kuwa njia, pamoja na namba za CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji) unazozitaka kwa kila rangi, na umwambie maandishi meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino nne, herufi ndogo hupata ukungu pembeni. Vivuli na ukungu hugeuka pikseli wakati wa kutoa PDF, kwa hiyo weka dpi 300 kwenye dirisha la kuhifadhi.

## Faili lisipofunguka kabisa

HTML husamehe makosa. SVG iliyo faili la peke yake haisamehi hata moja, kwa sababu ni XML, lugha ya tagi yenye kanuni kali. Kosa moja, na ndani ya `img` hakuna kinachotokea, wala onyo. Lifungue faili moja kwa moja kwenye kivinjari: kitakutajia namba ya mstari na safu. Mara nyingi utakuta alama ya `&` katika jina la biashara, ambayo lazima iandikwe `&amp;`; tagi iliyokosa mkwaju (/) wake wa kufunga; alama za nukuu zilizopinda kwa sababu msimbo ulinakiliwa kutoka Word au WhatsApp; au mstari mtupu kabla ya `<?xml`, ambao haukubaliki hata kidogo. Rekebisha mstari uliotajwa, pakia upya, soma onyo linalofuata kama lipo. Linapofunguka peke yake kwenye kivinjari na bado halionekani kwenye tovuti, kosa limehamia kwenye anwani ya faili au kwenye aina inayotumwa na seva.